Sauti ya Namalwa

Msinione nasema sana. Niliishi na Kageha mlango kwa mlango katika kambi ya vibarua, shamba la mzungu mmoja upande wa Ainabkoi, na mtu ukikaa naye hivyo unajua hata anavyokohoa. Wale wanaosema Kageha alizaliwa mtakatifu, waulizeni walikuwa wapi. Yule mama alikuwa na wivu, tena wivu wa kutosha mashamba mawili!

Jumapili tuliabudu ndani ya ghala la ngano. Vitabu vya nyimbo havikuwapo, kwa hivyo mmoja alianzisha na sisi tukaitikia, na mwanzishaji alikuwa Kageha. Hiyo ndiyo heshima pekee aliyokuwa nayo. Siku nyingine zote alikuwa tu mke wa Murunga, mwendesha magari ya ng'ombe, mwanamke wa kupalilia mahindi ya wenyewe. Lakini Jumapili hata mnyapara alingoja afungue mdomo.

Halafu akaja Namalwa kutoka Kimilili. Mwembamba, mpole, na sauti, jameni! Mzee Kituyi, aliyetuongoza kwa sala, alimsikia mara moja tu akasema, "Leo Namalwa atuanzishie." Na hiyo leo haikuisha.

Kageha aliungua. Namalwa akivaa leso mpya, anaringa. Akivaa kuukuu, anajifanya mnyenyekevu. "Sauti gani ile?" aliniuliza mtoni. "Si kama mbuzi aliyenyeshewa?"

"Basi mbona unalia akiimba?" nikamwuliza. Akanirushia maji.

Ndipo uamsho ukafika kwetu, na desturi yake ya kutubu mbele ya watu. Kageha akasimama, mikono kifuani. "Ndugu zangu, natubu. Namwonea Namalwa wivu, kwa sababu anajiona, anavuta wimbo mpaka tunachoka, na uji aliotupikia siku ya mkutano ulikuwa na mabonge."

Haki ya Mungu, ghala zima liliinama kuficha kicheko. Mzee Kituyi akasema, "Dada, keti. Hiyo si toba. Hayo ni mashtaka."

Aliona aibu, lakini kuanzia hapo akajaribu. Ulimi ndio uliotangulia: mvua zikaja zikaenda, hakumsengenya tena. Siku moja akampelekea mboga ya mrenda, akauweka mlangoni akatoroka kama mwizi. Moyo ndio uliogoma. "Nikiomba, wivu unaniacha," aliniambia, "nikimsikia akiimba unarudi." Nikamwambia haraka haraka haina baraka. Akanisonya.

Kisha Namalwa akapoteza sauti. Alisema ni koo. Mzee Kituyi akamgeukia Kageha, naye akaimba mpaka mabati yakaitika, Jumapili baada ya Jumapili. Lakini nyumbani chakula kilikuwa hakimshuki. Jioni moja akanivuta mkono nimsindikize kwa Namalwa, maana aliogopa kwenda peke yake.

Alipofika hakukubali hata kuketi. "Dada, uliposema koo limekufunga, nilifurahi. Nikamshukuru Mungu. Nisamehe." Safari hii hakuongeza "kwa sababu".

Namalwa aliendelea kuchambua maharagwe. "Nilijua, Mama Paul," akasema, akimwita kwa jina la kifunguamimba wake. "Nilikuona siku hiyo." Kisha, kwa sauti safi kabisa: "Koo langu halina kitu. Nilichoka kukuona ukiteseka."

Njiani Kageha alikanyaga matope kwa hasira. "Umeona? Umeona? Hata kwa wema amenishinda! Si angeniachia angalau huo?" Nilicheka mpaka nikashika ua nisianguke. Yeye alikuwa akilia.

Jumapili iliyofuata Mzee Kituyi akamwashiria aanze. Kageha akafunga mdomo. Akamwashiria tena. Watu wakaanza kugeuka kumtazama. Upande wa wanaume Murunga akakohoa, kile kikohozi cha kumwambia mke asimwaibishe. Namalwa alikuwa ameinamisha kichwa.

"Mimi sianzishi," Kageha akasema mwishowe. "Mwenye sauti yuko hapa, na sauti yake ni nzima. Tena bado inanichoma. Aimbe tu, nitaitikia hivyo hivyo nikiungua."

Namalwa akaanza. Wa kwanza kumwitikia alikuwa Kageha, uso umemkunjamana kwa wivu, akiimba kwa nguvu zake zote.