Fundi Shamsuddin na Saa Iliyopotea Masaa Sita

Shamsuddin Taibali Abdeali, mzaliwa wa Pangani, fundi saa wa Ngamiani. Babu yake Abdeali ndiye aliyefika Pangani na sanduku la bisibisi nyembamba kama sindano, akatengeneza saa za matajiri wa nazi. Baba yake Taibali alitunza saa za mashamba ya mkonge, zile zilizomwamsha baba yangu miaka thelathini. Na yeye Shamsuddin alitengeneza kila chenye springi au betri hapa Tanga. Nasema hivyo kwa sababu nilikuwepo, sikuhadithiwa.

Duka lake la barabara ya kumi na mbili lilikuwa na rafu tano: saa za mkono, saa za kengele, redio, kamera, na ya mwisho kalkuleta na tochi. Simu za tachi zilipoingia, rafu zikaondoka mojamoja kama wageni wa harusi. Hakuna aliyekuja kugombana naye. Watu waliacha tu kuja.

"Dada Yudith, siku hizi kila mtu duka langu analo mfukoni," aliniambia. "Tena lake halifungwi Ijumaa."

Kikabaki kitu kimoja, saa ya ukutani ya kanisa letu dogo la Nguvumali. Yeye ni Mwislamu wa Kibohora, kofia nyeupe yenye ukingo wa dhahabu haimtoki kichwani, lakini kila Jumamosi saa tatu asubuhi alikuja kuitia ufunguo. Kazi hiyo alipewa na marehemu baba yangu, Mzee Eliudi, aliyekuwa mzee wa kanisa. Baba alimwomba jambo moja: mkono uonyeshe vile watu wanavyosema. Ibada ikiwa saa tatu, mkono ukae kwenye tatu, usikae kwenye tisa, kibarua wa mkonge asije akasimama mlangoni anatoa sita kichwani. Shamsuddin akaitega hivyo. Miaka arobaini na minne nimepiga kengele kwa saa ile na sijachelewa.

Mwaka jana Edgar, katibu mpya wa kanisa, akaisogelea na simu yake.

"Shikamoo bibi. Hii saa yenu imepotea masaa sita."

"Marahaba. Haijapotea. Ni saa tatu, nayo inaonyesha tatu."

"Simu inaonyesha tisa."

"Na wewe mwenyewe unasema saa ngapi?"

"Saa tatu," akajibu, akacheka. Ila hakulegeza msimamo. Alisema vijana wanachanganyikiwa, kwa hiyo igeuzwe ifuatane na simu, au ishuke.

Nikamweleza Shamsuddin alipofika. Akaitazama saa, kisha akanitazama mimi.

"Mzee Eliudi hayupo. Vibarua wake hawapo. Nitabishana kwa ajili ya nani?" akasema. "Nishikie ngazi. Nikiigeuza wataiacha."

Alikuwa na miaka themanini na moja. Saa ya kugonga hairukishwi, kila saa lazima uiache igonge mpaka imalize. Nne, tano, sita, hadi tisa. Milio thelathini na tisa nilihesabu, mikono yangu kwenye ngazi, na wanakwaya wamesimama chini wanamrekodi kwa simu zao.

"Babu, leo umetuzeesha masaa sita," mmoja akatania.

Shamsuddin akafunga kioo cha saa, akashuka.

Mwaka haukuisha wakaleta skrini ya nyimbo, na skrini ikataka ukuta uleule. Kwenye baraza niliinua mkono kupinga. Mkono ulioinuka ulikuwa wangu tu. Edgar akasema kwa upole, "Bibi, saa hata kwenye skrini itaonekana pale pembeni."

Jumamosi saa nne wakaishusha. Nikaifunga kwenye kanga, nikapanda nayo bajaji hadi kwa Shamsuddin. Nilofer, binti yake, akanifungulia. Siku hizo mtoto wa jicho alikuwa amemfunika baba yake macho yote mawili. Aliipapasa saa kwa vidole.

"Imesimama ngapi?"

"Kumi."

"Na wewe unasema saa ngapi?"

"Saa nne."

"Basi irudishe kwa Mzee Eliudi. Polepole, ugeuzie mbele."

Nilofer akaitundika kwenye msumari, nami nikageuza mkono. Ilipogonga kumi na moja Shamsuddin aliinamisha kichwa, na hakukiinua mpaka ilipomaliza ya nne. Milio thelathini na mitatu.

"Ngazi sipandi tena," akasema, akavuta uzi shingoni mwake na kunitolea ufunguo. "Nenda nayo kwako."

"Kaka Shamsu, kwangu nani ataitazama? Wajukuu wote wana simu."

"Sikukuuliza nani ataitazama. Kila Jumamosi saa tatu, kila tundu la ufunguo mizunguko kumi na minne. Wa kumi na tano usiujaribu, utakata springi, na fundi hakuna."