Koti la Marehemu

Kila maonyesho yakifika Kisumu, mjane mmoja wa Bondo huleta farasi mfupi aliyezoea mkokoteni, akashindana na farasi warefu wa Nairobi katika mchezo wa kutembea kwa madaha. Huvaa koti la marehemu mumewe, vazi la msiba ambalo wajane wengine huliacha matanga yakiisha. Hukalia ukingo wa nyuma wa tandiko, hatamu kazilegeza, na bado farasi hugeuka, hurudi nyuma, husimama kama ameambiwa. Leo Rachael, mwamuzi, alishindwa kuvumilia.

“Mama, unamwongoza na nini?”

“Mimi nabebwa tu, Madam. Mwenyewe ndiye anaendesha.”

Rachael akacheka. Mjane akashuka, akasogea kando, akangoja. Tandiko tupu likatoa mlio, likainama upande mmoja kisha likarudi sawa, na farasi akashusha pumzi ndefu, kama aliyeondolewa mzigo wa pili mgongoni.