Shati Lililolowa Sumu

Mtaani walimwita Kipenga, kwa sababu mluzi haukukauka mdomoni mwake tangu alipofungua karakana ya kutengeneza mabomba ya kupulizia dawa mashambani.

Asubuhi moja mkulima wa nyanya alimletea bomba lililoziba. "Nimeshalisafisha, fundi," alisema, akaenda zake. Kipenga akalegeza kifuniko. Kumbe ndani mlikuwa bado na dawa, na upepo umebanwa! Ikamrukia kifuani, shati likalowa chepechepe. Akajifuta kwa kiganja, akaendelea na kazi. Miaka ishirini alikuwa akijigamba kwamba sumu inamjua.

Mkewe, aliyekuwa akishona nguo chumba cha pili, alishtuka mluzi ulipokatika. Akamkuta mumewe ameinamia meza, jasho na mate vinamtiririka, misuli ya mashavu inachezacheza.

"Baba Watoto, una nini?"

"Sioni vizuri. Kifua... kinabana."

Hakungoja maelezo zaidi. Alimwita jirani mwenye gari, wakampakia mgonjwa, na bomba lenyewe akalitia kwenye mfuko.

Walipofika zahanati, muuguzi mkuu alimmulika macho kwa tochi. Mboni zilikuwa ndogo kama ncha ya sindano. Akaliangalia lile bomba.

"Ni sumu ya wadudu. Vaeni glavu! Mvueni kila kitu, mwosheni kwa sabuni na maji mengi!"

Akamwekea oksijeni, akamdunga atropini, akasikiliza kifua, akadunga tena na tena, mpaka mapafu yaliyokuwa yakikoroma kwa maji yakatulia. Kisha gari la wagonjwa likampeleka hospitali kubwa, kwenye dawa ya pili ambayo zahanati haikuwa nayo.

Siku ya tano, daktari aliketi kando ya kitanda.

"Neva ikitaka msuli ukaze, huumwagia kemikali iitwayo asetilikolini. Kuna kimeng'enya kinachoifagia papo hapo ili msuli upumzike. Sumu ile inakifunga mikono. Kemikali inarundikana, mate na makamasi yanafurika, misuli inachezacheza mpaka inalegea, hata ile ya kupumulia. Atropini inakausha mapafu, lakini misuli haiisaidii. Dawa ya pili ndiyo hukifungua kimeng'enya, ikiwahi kabla fundo halijakaza."

"Kwa hiyo aliyeniponya ni nani, daktari?"

"Mkeo aliyekuwahisha, na muuguzi aliyejua anachokiona."

Mkulima alikuja kuomba radhi. Kipenga akamshika mkono. "Mwenzangu, na mimi nilikaa na shati bichi. Tulikosea wote wawili; mimi nimepona sumu, wewe umepona lawama."

Alipopata nguvu, alikwenda zahanati na mkoba wa vifaa, akazitengeneza koki zote zilizokuwa zikivuja.

"Fundi, nani kakutuma?" muuguzi akashangaa.

"Pumzi zangu, dada."

Sasa bomba halifunguliwi kwake mpaka upepo utolewe na glavu zivaliwe, na mteja asimame pembeni ajifunze. Kila wakikaa mezani, humtazama mkewe na kusema, "Asante, Mama Watoto."

"Hiyo ya tatu leo," mkewe hucheka. "Kula, chakula kinapoa."