Maswali ya Darmi Guracha

Siku Darmi Guracha alipoaibishwa mbele ya watu wa Golbanti mimi sikuwepo, lakini kabla ya magharibi nilikuwa nimeisikia habari yote. Kibanda changu cha kupiga chapa kilikuwa karibu na stendi ya Garsen, na kila aliyeshuka garini alishuka nayo.

Ilikuwa Juni, mwaka wa tisini na nane. Mafuriko ya Elinino yalikuwa yamezoa mazao ya delta ya Mto Tana, na shirika moja la misaada likafungua ofisi mjini kwetu ili kugawa mbegu. Meneja wake aliitwa Uledi, mtu wa maneno laini, shati limenyooka kwa pasi hata barabara zikiwa tope tupu. Alimwajiri Darmi, binti wa Kiorma, watu wa kufuga ng'ombe, aliyemaliza kidato cha nne, azunguke vijijini kuwauliza watu haja zao, kisha aandike ripoti.

Darmi alizunguka wiki tatu. Akaandika kwamba mashamba ya Chara na Golbanti bado yana maji, kwa hiyo wapewe mpunga, mahindi yangoje. Kumbe Uledi alikwisha agiza mahindi, lori zima, kutoka Mombasa. Akaichana ripoti ile, akaandika nyingine, akatia jina la Darmi chini yake na kuipeleka Nairobi. Mahindi yakapandwa, yakaoza. Watu walipowaka, Uledi akaitisha baraza Golbanti, akamsimamisha Darmi na kusema kwa upole kabisa:

"Ndugu zangu, huyu ndiye aliyewauliza. Aliandika mahindi. Bado mtoto, amekosea. Tumemwachisha kazi."

Alice, mkulima wa makamo aliyekuwa amemlaza Darmi nyumbani kwake siku mbili, akainuka. "Binti, nilikwambia mpunga. Kwa mdomo wangu huu."

"Niliandika mpunga, mama."

"Iko wapi hiyo karatasi?"

Hakuwa nayo. Iliandikwa moja tu. Na kutoka nyuma mtu akapaza sauti: "Mwenye ng'ombe atatutakia nini? Anataka mashamba yafe apate malisho!"

Maneno hayo ndiyo yaliyomchoma. Kufukuzwa kazi angeweza kusahau. Lakini kwetu, kati ya mkulima na mfugaji, neno kama lile linaweza kumwaga damu, na Uledi alilisikia akanyamaza, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri mvua ipite.

Kesho yake Darmi alikuja kibandani kwangu.

"Kaka, una karatasi za kaboni?"

"Ninazo. Za kazi gani?"

"Nataka kumwangusha Uledi. Nitamwangusha kwa kazi ileile aliyonifukuza."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alikaa kwenye benchi langu, akafungua daftari, akaanza kujihoji mwenyewe kama polisi anavyomhoji mwizi. Kwa nini aliandika nakala moja? Kwa nini hakurudi kuwasomea watu aliyoyaandika, wamwambie kama ndiyo waliyosema? Na Chara, kwa nini aliongea na wazee pekee, wakati mpunga hupandwa na wanawake? Uledi alimdhulumu, hilo alilijua. Lakini mlango ulikuwa wazi, na aliyeuacha wazi ni yeye. Nadhani alijichukia kwa hilo karibu sawa na alivyomchukia Uledi.

Akatafuta mahali pa kujinoa. Bishara, mwenye hoteli ya chai pale sokoni, alikuwa akilalamika kila siku kwamba maziwa yanayotoka kwa wafugaji humfikia yameganda. Kila mtu alikuwa na sababu yake: jua, vibuyu vichafu, wanawake wavivu. Darmi hakumuuliza yeyote sababu. Alikwenda hadi mabomani, akayafuata maziwa kwa miguu kutoka kwenye chuchu ya ng'ombe hadi kwenye sufuria ya Bishara. Kila yalipotua aliandika, na kila yalipobadilisha mikono aliandika. Siku ya tatu akaona: maziwa ya jioni, yaliyolala, yalimiminwa ndani ya maziwa ya asubuhi ili dumu lijae, na yale yaliyolala ndiyo yaliyoyaharibu mengine. Wakayatenganisha. Wiki ile Bishara hakumwaga hata kikombe.

"Ulijuaje?" nikamuuliza.

"Ukimuuliza mtu anataka nini, atakupa anachodhani unacho. Muulize jana alifanya nini. Alianza wapi, akafuatia nini, alikwama wapi. Hapo hawezi kukudanganya, hata akitaka."

Jina lake likaenea. Vikundi vya akina mama na wenye maduka ya Tarasaa walimwita, hata shule moja. Kila kazi aliandika nakala tatu, akawasomea wenyewe, akarekebisha, akawasomea tena, wakatia vidole vya wino. Alirudi hata Golbanti. Mara mbili Alice alimwacha amesimama juani. Mara ya tatu alimsikiliza mpaka mwisho wa ukurasa, akasema, "Hapo ulipoandika 'tunahitaji mashua', sikusema mashua. Nilisema njia." Darmi akafuta, akaandika upya. Alice akamletea kiti.

Na kila Ijumaa, akileta kazi zake nizipige chapa, aliniuliza swali moja tu: "Uledi bado yupo?" Nikijibu yupo, uso wake ulitulia, kama mchinjaji aliyeambiwa ng'ombe hajatoroka.

Agosti ya mwaka uliofuata, mkubwa wa Uledi alikuja kutoka Nairobi. Shirika lilitaka kuleta mashine ya kukoboa mpunga, na Uledi alipendekeza iwekwe Tarasaa, kando ya barabara. Wanawake wa Golbanti na Chara wakamwomba Darmi awasemee. Safari hii nilifunga kibanda, nikaenda barazani.

Uledi alisoma mpango wake vizuri. Alipomaliza, Darmi akasimama.

"Bwana Uledi, kule Chara ulimuuliza nani?"

"Wengi. Mzee Pekeshe, kwa mfano."

Mzee mmoja mstari wa pili akageuka kulia na kushoto. "Pekeshe ni mimi. Huyu bwana namwona leo mara ya kwanza."

Watu wakacheka. Darmi akaeleza, bila kupandisha sauti, safari ya mpunga: mwanamke gani huubeba, saa ngapi huondoka, maji humfika wapi, na kwa nini mashine ikikaa Tarasaa atarudi kwenye kinu na mchi. Akampa mgeni nakala yenye vidole arobaini na vitatu. Mgeni akasoma, akamtazama Uledi, akasema mashine itakwenda Golbanti.

Kazi ilikuwa imekwisha. Darmi hakukaa. Akatoa ripoti nyingine, ya mahindi yaliyooza, aliyokuwa ameikusanya upya kwa wakulima wenyewe, akaanza kusoma. Watu kumi na mmoja, kwa majina: kila mmoja aliulizwa na nani, alijibu nini, akaletewa nini. Uledi alitaka kuketi. "Simama, Bwana Uledi," Darmi akasema. "Mimi ulinisimamisha." Uledi akabaki wima, jasho likitandaa kwenye shati lile. Kufikia mtu wa saba, hata waliomchukia Uledi waliinamisha vichwa. Alice akamvuta Darmi nguo. "Inatosha, mwanangu." Darmi akageuza ukurasa, akasoma wa nane, wa tisa, mpaka wa kumi na moja.

Uledi aliondolewa mwezi uleule, na kazi akapewa Darmi. Mashine ikaja Golbanti.

Siku ya kuizindua, niliwakuta Darmi na Alice wamekaa mkekani, pumba zikiwarukia. Alice alikuwa akimuuliza:

"Siku ile, mwanangu, ulitusemea sisi au ulijisemea wewe?"

"Ya mashine niliwasemea nyinyi."

"Na ile nyingine?"

"Ile ilikuwa yangu," Darmi akasema. "Na wangekuwa watu ishirini, ningewasoma wote ishirini."

Alice akakung'uta pumba nguoni. Kisha akainuka kwenda kuwapanga wanawake foleni.