Nilivyomsomea Bibi Majina

Mie ni mtu wa Mombasa. Songea nilifika kwa kumfuata mume, fundi wa malori ya tumbaku, na baridi ya mwezi wa saba nusura inirudishe kwetu. Mume akipelekwa vijijini kutengeneza magari, wiki nzima haonekani. Mie nabaki Mjimwema kwenye vyumba vyetu viwili vya kupanga, kanga juu ya sweta la mtumba, nanung'unika peke yangu. Aliyenisikia ni bibi mwenye nyumba, Mngoni, mjane wa mwaka mmoja, Mkatoliki wa misa ya kwanza. Asubuhi hata sijafungua mlango vizuri keshaniuliza kama nimekula. Nilikuwa sina mtu mwingine mji mzima, na leo ndiyo najua alivyonibeba.

Jumamosi hiyo nilikuwa na shughuli zangu: kuchukua picha za kuombea kibali cha kuishi, kumpelekea mama barua kwa posta, na kusaga mahindi. Bibi akasema twende wote.

"Bibi, utachoka bure."

"Miguu ni yangu," akajibu, akatangulia.

Kwa mpiga picha kulikuwa na tangazo ukutani. "Soma pale," akaniambia. Nikasoma. Posta akanionyesha jingine, nikasoma. Miaka hiyo maduka yalikuwa yameanza kujaa tena baada ya ile dhiki ya kusaka sabuni, na bibi hakupita duka bila kunyanyua kitu nimsomee: sabuni, biskuti, betri, hata kiberiti. Wenye maduka wanatukodolea macho. Tulipofika kwenye mashine ya kusaga uvumilivu ulikuwa umeniishia.

"Ala! Bibi, niache nipumue, mie si mwalimu!"

Nilisema kwa sauti, mbele za watu. Wanawake waliokuwa kwenye foleni wakageuka kututazama. Yeye akanifuta unga shavuni kwa ncha ya kitenge chake. "Unasoma vizuri," alisema. "Huruki neno." Njia nzima ya kurudi niliona haya, lakini kuomba radhi mdomo ulikuwa mzito.

Jumapili alitoka kanisani akaja moja kwa moja kwenye beseni langu la nguo. "Nisindikize makumbusho," akasema. Nikamwambia jua lenyewe hili la kuibia, nguo nitaanika lini? Hakubishana. Akavuta kigoda, akakaa, akanieleza.

Baba mkwe wake alichukuliwa na Wajerumani wakati wa vita vya Majimaji, mimba ya mtoto wake ikiwa bado changa. Wapo waliosema alinyongwa pamoja na wenzake. Wengine, kule Mpitimbi kwao, wakasema alitoroka, akavuka mto Ruvuma, akaoa huko huko. Mtoto akazaliwa, akakua anaitwa mwana wa mtoro, na huyo mtoto ndiye aliyekuja kuwa mume wa bibi. Majina ya walionyongwa yalipoandikwa kwenye makumbusho ya vita hivyo hapa mjini, mzee alimkataza kila mtu wa nyumba yake asiende kuangalia.

"Aliogopa jibu," bibi alisema. "Amekufa na swali lake. Mimi sitaki kufa nalo."

"Si uwaulize wale wa makumbusho?"

"Nitawaulizaje? Jina la baba mkwe halitoki kinywani mwangu."

Ndiyo desturi yao. Mke hamtaji baba wa mumewe, awe hai, awe kaburini. Na kusoma hajui. Mtu wa hapa hakumtaka amsomee, maana kila mtu wa hapa ana upande wake katika maneno hayo. Basi akanitafuta mie, mgeni, na jana yote alikuwa ananipima. Niliacha nguo na povu lake, nikaenda kuvaa.

Ndani ya makumbusho tulipita mikuki na ngao bila kusimama. Bibi hakuinua macho mpaka tukatoka nje, kwenye kaburi la pamoja la walionyongwa na yale majina. Nikaanza kusoma, jina moja moja, bila kuruka, huku namchungulia usoni. Bibi hakutikisika. Nikasoma hadi la mwisho, naye kimya, na roho yangu ikanywea kabisa. Ya Rabi, huyu bibi nitamrudishaje nyumbani?

"Hayupo, bibi?"

"Yupo."

"Mbona hukusema?"

"Nilitaka wamalizike wote kwanza. Hakufa peke yake." Akavuta pumzi. "Sasa rudia. Nikipiga makofi, simama."

Nikarudia. Kabla sijafika mwisho akapiga makofi mawili ya taratibu, viganja vimekunjwa, kama wanavyomwamkia mkubwa wao, akapiga magoti palepale na kitenge chake kipya. Nikasimama. Nikamshika mkono, nikaviweka vidole vyake juu ya herufi za jina lile, maana pa kuligusa alikuwa hapajui. Nilikuwa nalia waziwazi, wala sikumjali mtu. Nilimshukuru Mungu kwa mwalimu wangu wa darasa la kwanza na fimbo yake. Nikamshukuru na kwa baridi ile ambayo haikufaulu kunirudisha Mombasa.

Bibi akaita "Dadi," yaani baba kwa Kingoni. Halafu akaendelea kwa Kiswahili, nadhani ili na mie nisikie.

"Shikamoo. Mimi ni mke wa yule uliyemwacha tumboni. Amekufa mzee, kitandani kwake, nimemshika mkono. Hukutoroka. Nikifika huko aliko, nitamwambia."