Ngoma Iliyokatazwa Kujaza Watu

Mwaka wa korona, bwana afya wa kata yetu alituruhusu kucheza ngoma kwa sharti moja: watu wasijae. Alikuwa mgeni kwetu, hakujua alichokuwa anakiomba. Katika ngoma za mashindano za Wasukuma, makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake wa uwanja, na watazamaji huhamahama kati yao. Jua likishuka, aliyejaza watu ndiye mshindi. Kumwambia mtu acheze ngoma bila kujaza watu ni sawa na kumwambia apande pamba lakini isiote.

Baba alikuwa ningi, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo wa kundi letu. Upande wa pili aliongoza mjomba, kaka wa mama, aliyekuja kwetu Bariadi na watu wake kutoka Shishiyu. Mjomba alikuwa amemshinda baba kila msimu tangu nipate akili, na kila akishinda alipita nyumbani kwetu kunywa maji na kumpa pole shemeji yake. Goti la baba lilikuwa limekwisha. Alituambia wazi kwamba huo ndio msimu wake wa mwisho, na anataka amshinde yule mtu mara moja tu, kisha apumzike. Alikonda kwa ajili ya jambo hilo. Nilimwonea huruma sana.

Asubuhi ya ngoma bwana afya alikuja na ndoo ya majivu. Akachora maduara uwanja mzima, hatua mbilimbili, mpaka akaingia kwenye shamba la pamba la jirani. Kila mtazamaji na duara lake, barakoa usoni, na marufuku kuhama.

"Sasa mshindi tutamjuaje?" baba akamuuliza.

"Watu watageuka," alisema bwana afya. "Anayependwa ataangaliwa, mwingine atapewa mgongo. Mimi nitahesabu migongo."

Tulikubali. Tulikuwa tumekaa miezi bila harusi ya maana, msibani tunapungiana mikono kwa mbali kama watu wenye ugomvi. Angetuambia tuitazame ngoma tukiwa juu ya miti, tungepanda.

Hata mama alikuja. Miaka yote alibaki nyumbani, maana kuhamia kwa mumewe kungekuwa kumtukana kaka yake, na kuhamia kwa kaka yake kungeleta maneno chumbani. Mwaka huo hakuna kuhama, basi akajitanda kanga yake akachukua duara la katikati.

Ngoma ikaanza, na watu wazima wakaanza kuzunguka pale pale waliposimama. Jirani yangu aligeuka mara nyingi mno, akashikwa na kizunguzungu, akakaa chini. Mzee mmoja alisimama ubavu, hataki lawama, na bwana afya akahangaika na daftari lake kwa sababu hakuwa ameweka sehemu ya kuandika mbavu.

Baba aliimba vizuri kuliko siku zote. Alikuwa ametunga wimbo juu ya ugonjwa unaomzuia mtu kumsalimia hata mama mkwe wake, na taratibu uwanja ukamgeukia. Macho tu, juu ya barakoa, mamia ya macho yanamtazama yeye. Nililia kidogo, na barakoa ikanificha.

Ndipo mjomba akafungua gunia lake. Akatoa chatu. Chatu tumewaona wengi ngomani, si ajabu, lakini huyu alikuwa amevaa barakoa. Nyoka hana masikio, kwa hiyo mjomba alikuwa ameifunga kwa uzi wa pamba nyuma ya kichwa.

Uwanja mzima uligeuka. Na mimi niligeuka. Bwana afya akaanza kuhesabu wakati huo huo.

Baba alipoiona ile migongo aliruka juu kama alivyokuwa akiruka ujanani, na goti likamtupa. Alianguka kwa makalio, akaendelea kuimba akiwa amekaa kwenye vumbi, kwa sababu ningi haachi wimbo katikati.

Mama akatoka kwenye duara lake.

"Mayu, rudi kwenye duara," bwana afya akamwambia. Hilo neno la heshima ndilo pekee alilokuwa amejifunza la kwetu. Mama alikanyaga maduara ya watu mpaka akamfikia baba, akakaa kando yake, akaanza kuitikia wimbo peke yake.

Bwana afya akamtangaza mjomba kuwa mshindi.

"Hiyo ni sheria ya daftari," baba akasema, bado yuko chini. "Sheria ya ngoma ni watu kuhama. Leo amehama mtu mmoja. Amehamia kwa nani?"

Mjomba alimtazama dada yake pale vumbini, chatu yuko shingoni.

"Kwako, shemeji," akasema.

Tuliporudi nyumbani baba aliegemea bega langu kwa ajili ya goti, huku akicheka peke yake. Halafu akaniuliza nilikuwa wapi.

"Kwenye duara langu, baba."

"Unaangalia wapi?"

Nikamwambia kwamba yule nyoka alikuwa amevaa barakoa. Baba aliondoa mkono begani kwangu, akachechemea mwenyewe mpaka mlangoni.