Sauti ya Kigoda Baada ya Adhuhuri

Mikono ya marehemu ilimrudia Kadidja asubuhi moja ya mvua, akiwa amepiga magoti mbele ya karai. Alikuwa anakanda unga wa chapati, kazi aliyoifanya tangu ujana wake hapo mtaa wa Waswahili, Muyinga. Akauona mkono wake wa kulia umelalia upande, vidole vimeelekea upande wa kidole cha mwisho kama majani ya mgomba yaliyopigwa na upepo, vifundo vimevimba na kung'aa. Akautazama. Hakuwa na shaka ni mkono wa nani. Aliwahi kuuosha mkono ule kwa maji ya karafuu maiti, akausaidia kuingia kwenye sanda, akauona ukitoka mlangoni. Sasa ulikuwa umerudi, uko mwisho wa mkono wake mwenyewe, umejaa unga.

Aliufunika kwa kitenge, akaendelea kukanda na wa kushoto.

Mama yake, huyo marehemu, aliugua viungo zamani, Kadidja akiwa msichana ambaye bado hajaposwa. Mtaani waliita rimatisme, wazee wakaita baridi yabisi, na mama mdogo, mdogo wa marehemu, akasema ni jicho la mtu tu. Lakini huyo mama mdogo ndiye aliyemuuguza. Alimchotea maji, alimvisha, alimlisha uji kwa kijiko. Kila marehemu alipotaka kujiinua, mama mdogo alimrudisha kitandani kwa mikono miwili: "Pumzika, dada. Sisi tuko hapa. Unataka nini, mi nitakuletea." Nyumba nzima ilimpenda hivyo. Husemwa maiti haulizwi sanda. Wao walianza kutomuuliza angali hai.

Jambo moja tu alilishikilia. Kila siku baada ya sala ya adhuhuri alitaka aachwe peke yake, mlango umefungwa. Na Kadidja, akiwa uani na kibao chake cha kusukumia chapati, alikuwa akisikia kutoka chumba cha nyuma kigoda kikikwaruza sakafu, kisha kikitua. Kruu... tu. Kimya. Kruu... tu. Alidhani mama anakisogeza kigoda kulifuata jua la dirishani.

Walipomzika, sauti haikukoma.

Haikuja kila siku. Ilikuja wakati ule ule, uani kukiwa kimya na watu wamelala usingizi wa mchana. Chumba cha nyuma walikifanya stoo ya unga, na Kadidja alipoingia alikuta magunia tu na kitanda cha zamani. Hakumwambia mtu. Alikuwa anauza chakula, na nani atakula chapati za nyumba yenye maneno? Aliolewa, akazaa, akafiwa na mume, akarudi kwa kaka yake Aboubakar kwenye ua ule ule, na sauti ikawa bado inamngoja.

Kwa hiyo alipouona ule mkono kwenye karai, hakufikiria hospitali. Alifikiri: amenijia.

Ugonjwa ulipanda haraka. Asubuhi vidole vilikataa kukunjwa mpaka jua lisimame juu ya mapaa. Magoti yakajaa maji. Alianza kuomba mtu amfungie sidiria, na hilo lilimuumiza kuliko vidole. Mama mdogo, ambaye sasa ni ajuza anayekaa mkekani kutwa, alimwita, akaichukua mikono yake akaigeuza.

"Ni yeye," alisema. "Dada amerudi. Keti, mwanangu. Pumzika."

Nyumba ikaanza tena kupenda. Wifi yake, mke wa Aboubakar, akachukua kibao na karai. Mwingine akamchukulia ndoo. Aboubakar akayatoa magunia chumba cha nyuma, kwa kuwa ndicho chumba chenye joto, wakamtandikia kitanda kile kile. Kadidja aliwaacha wafanye. Alikuwa amechoka, na kuhudumiwa ni kutamu.

Siku ya pili, baada ya adhuhuri, alikuwa amelala ameuelekea ukuta. Akaisikia sauti nyuma ya mgongo wake, karibu kuliko ilivyowahi kuwa, kama hatua mbili tu kutoka kitandani. Kruu. Akangoja. Haikutua. Alihisi kuna mtu amesimama, amesimama tu, anapumua kwa shida kama aliyebeba mzigo.

Hakugeuka. Alitafuta simu chini ya mto kwa vidole visivyokunjika, akampigia binti yake aliyeolewa Gitega.

"Raissa, kuja unitoe huku."

"Mama, kuko nini? Unalia?"

"Kuja unitoe tu."

Esansi, yaani petroli, ilikuwa haipatikani wakati huo, na Raissa alihangaika kupata gari mpaka akampata mtu wa Probox anayepitia Karuzi. Njia nzima Kadidja hakutazama nyuma.

Gitega kuna baridi. Raissa alimpeleka hospitali, wakamtoa damu. Daktari akasema huu ni ugonjwa wa mwili kujipiga wenyewe kwenye viungo, hauna jicho wala mkono wa mtu, ingawa huweza kupita katika ukoo. Akampa vidonge vya kumeza mara moja kwa wiki, akamtuma pia kwa Jovina.

Jovina alikuwa kine, yaani mtaalamu wa kufundisha viungo kufanya kazi tena, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Aliwakusanya wagonjwa wake katika ukumbi wa kuazima karibu na soko. Raissa alimwacha mama yake mlangoni akawahi kazini. Kadidja akavua kandambili, akaweka mguu mmoja ndani.

Ndani kulikuwa na safu ya watu, wengi wazee, kila mmoja juu ya kigoda cha mbao, na Jovina mbele yao. "Inukeni!" Wakainuka wote pamoja. "Kaeni!" Wakakaa. Na vigoda vikakwaruza saruji.

Kruu... tu.

Kadidja alitoka mbio kadiri magoti yalivyomruhusu, kandambili mkononi, akafika ukutani, akashika ukuta.

Pale nje mwanamume mmoja alikuwa anaifunga baiskeli yake kwa kamba. Alikuwa mrefu, amevaa koti la mvua, na miguu yake ilikuwa imepinda magotini kama upinde.

"Pole mama," alisema. "Siku ya kwanza na mimi nilikimbia. Nilidhani wanataka kunimalizia magoti."

Lafudhi yake ilikuwa ya Tanzania. Jina lake Longino, mkulima wa Bukirasazi, aliyekulia kambi za wakimbizi ng'ambo ya mpaka na kurudi mtu mzima. Hakuipanda ile baiskeli siku hizi. Aliikokota kama fimbo, na wenye magari waliomjua walimpa lifti.

"Mi siogopi magoti," Kadidja alisema. "Naogopa ile sauti."

"Ipi?"

"Ya vigoda. Mi naijua. Iko kwetu Muyinga, nyumbani. Na mwenye kuifanya alikufa."

Hakujua kwa nini amemwambia mtu asiyemjua jambo alilomficha hata mumewe. Longino hakucheka. Aliendelea kufunga kamba mpaka fundo likakaa.

"Tuliporudi kutoka Tanzania," akasema, "tulijenga kwenye shamba alilokimbia baba. Kila alfajiri nilisikia jembe linalima. Natoka, shamba tupu, umande haujakanyagwa."

"Ukafanya nini?"

"Nikalima."

"Na sauti?"

"Ipo. Ila sasa tunalima wawili." Akashika mlango. "Twende, mama. Jovina akitufuata huku nje ni aibu."

Kadidja akaingia nyuma yake.

Jovina alimkalisha, akamwambia asogeze nyayo nyuma, ainame mpaka pua ipite vidole vya miguu, kisha asukume sakafu. Magoti yalilia. Hakuweza. Jovina akaongeza mto juu ya kigoda ili kiinuke, akasema jaribu tena, na Kadidja akainuka akitetemeka kama ndama. Akamfundisha kukamua taulo lililolowa, kuvuta vipande vya mpira wa ndani ya tairi la baiskeli, kuinua chupa za maji zenye mchanga kidogo.

"Docta, inauma."

"Itauma kidogo. Maumivu yakikaa mpaka kesho yake, nitapunguza. Siku kiungo kimewaka moto na kuvimba, tunakipumzisha, tunakisogeza polepole tu. Lakini nyama ikilala, mama, kiungo kinabaki peke yake. Ni nyama inayokibeba."

"Kwetu mugonjwa anapumzika."

"Kwetu pia," Jovina alisema. "Ndiyo maana nina kazi nyingi."

Alirudi tena na tena. Miezi ilipita, vidonge vikaanza kuushika ugonjwa. Siku moja, mto ukiwa umeshaondolewa, Kadidja alijiinua mwenyewe. Kigoda kilirudi nyuma kwenye saruji kwa nguvu ya miguu yake: kruu. Alisimama, akapumua kwa shida, kama aliyebeba mzigo. Kisha akajishusha, uzito wote ukaangukia mbao: tu.

Hapo mwili wake ukajua kabla yake. Marehemu hakuwa analifuata jua. Nyuma ya mlango uliofungwa, peke yake, alikuwa anasimama.

Alimpigia Aboubakar akiwa bado ukumbini, wenzake wanakunja mikeka.

"Kaka. Mama alikuwa anafanya nini kule chumbani, mchana?"

Zamani Aboubakar alikuwa akitengeneza baiskeli chini ya dirisha lile.

"Alikuwa anasimama," akasema. "Muuguzi mmoja alimuonesha. Nilimuona. Anashika kitanda, anasimama, anakaa. Aliniambia, usiseme, watanikataza."

"Na hukusema?"

"Mi sikusema. Mama mdogo alijionea mwenyewe. Akalia, akasema dada ataanguka avunjike. Akakitoa kigoda, akakitia jikoni, kikawa kuni. Kutoka hapo mama hakusimama tena. Alikaa mwaka, akafa."

Kadidja alikaa chini mkekani.

"Mwaka?"

"Mwaka na zaidi."

"Kaka, lakini mi niliisikia mpaka juma lake la mwisho. Kila siku. Mi nilikuwa uani, naisikia."

Upande wa pili kitu cha chuma kikaanguka sakafuni.

"Aboubakar?"

"Hata mimi," kaka yake alisema polepole. "Hata jana. Nilifikiri ni mimi peke yangu, Kadidja. Nilikuweka chumba kile nikasema labda we utajua anataka nini."

Ukumbini Longino alikuwa amesimama na koti lake mkononi, anamngoja.

Alirudi Muyinga msimu wa mahindi mabichi. Raissa alimsihi abaki, yeye akakataa. Mikono haikunyooka, na daktari alimwambia wazi kwamba haitanyooka. Lakini ilikuwa na nguvu. Aliweza kufunga kifungo, kubeba ndoo nusu, na kukanda unga kwa viganja badala ya vidole. Alimwambia wifi yake arudishe karai. Chumba cha nyuma alikiomba kiwe chake. Baada ya adhuhuri alifunga mlango, akaweka kigoda kipya, akaanza kusimama. Kama alisikia kingine mle ndani hakumwambia mtu, ila Aboubakar aliona kwamba akitoka huwa anaacha mlango wazi kidogo nyuma yake, kama mtu anayemsubiri mwenzake.

Mama mdogo hakumtazama tangu arudi. Alijua kwamba Kadidja anajua. Katika ua mmoja hakuna siri. Alikaa mkekani kutwa, miguu imekauka, anavutwa na kubebwa kwenda chooni. Kila sauti ikianza chumbani alijifunika kanga usoni.

Siku moja Kadidja alitoka na kigoda, akakiweka mbele yake, akamwita wifi yake wakamkalisha juu yake.

"Unanifanya nini?" ajuza aliuliza. "Unataka kunilipiza?"

"Hapana, mama mdogo. Nataka usimame."

"Mi niko muzee. Niache nipumzike."

"Umepumzika sana."

Kadidja akanyoosha mikono yake iliyopinda. Mama mdogo aliitazama.

"Iko kama ya dada."

"Ndiyo. Ishike."

"Alikuwa ananiomba, Kadidja. Ananiambia, niache nijaribu. Mi niliogopa. Niliogopa nitamuokota sakafuni."

"Najua. Shika."

Vidole vya ajuza vilikuwa baridi. Aliinama kama alivyoelekezwa, akasukuma, akashindwa, akatukana kidogo kwa Kirundi, akasukuma tena. Wifi alisimama nyuma yake tayari, hakumgusa. Mama mdogo alipanda kwa vipande, kiuno kwanza, kisha mgongo, mwisho kichwa. Akasimama.

Alikuwa hajauona ua kutoka juu kwa muda mrefu. Aligeuza macho taratibu, akapita karai, akapita baiskeli za Aboubakar, akafika juu ya seng'enge ya jirani yao Sudi.

"Mparachichi wa Sudi uko wapi?" akauliza.

"Aliukata, mama mdogo. Zamani."

"Zamani?" Aliikaza mikono ya Kadidja, hakukaa. "Mbona hamkuniambia?"